Ukomo wa Hedhi Haumsubiri Mama Afunge Duka

Vipeperushi vya afya humshauri mwanamke aliyefikia ukomo wa hedhi alale katika chumba chenye ubaridi, avae nguo nyepesi, aepuke pilipili, afanye mazoezi nusu saa kila siku, anywe maji ya kutosha na apunguze mawazo. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na sehemu yake kubwa haina madhara. Kasoro yake huonekana pale unapopelekwa Msimbazi saa nane mchana, mwezi wa Februari, wakati joto limezidi nyuzi 30, jasho halikauki kwa unyevu wa hewa ya pwani, na mtaa kuanzia Fire hadi Gerezani umejaa mikokoteni, bodaboda, mabasi ya mwendokasi na bidhaa zilizotandazwa hadi ukingoni mwa barabara. Mwanamke wa miaka hamsini anayeuza vitenge hapo hana chumba chenye ubaridi. Maji anayaogopa, kwa sababu yakiingia lazima yatoke, na choo kiko mbali na ni cha kulipia. Mawazo anayoambiwa ayapunguze ni kodi ya fremu, rejesho la mkopo wa kikundi na ada ya mtoto aliye chuoni.

Kubadili mwenendo wa kila siku kuna nafasi kubwa katika kipindi hiki cha maisha, na makala haya hayana nia ya kupinga jambo hilo. Yanachopinga ni namna ushauri huo unavyohubiriwa. Mambo yenye ushahidi na yasiyo na ushahidi huwekwa katika kapu moja, kisha kapu zima hutwishwa mwanamke peke yake, ilhali sehemu ya mzigo huo ni ya wanaosimamia soko, ya familia na ya watoa huduma za afya.

Ukomo wa hedhi huthibitishwa mwanamke anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuona hedhi, pasipo sababu nyingine kama ujauzito, kunyonyesha au dawa. Kwa walio wengi hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55. Dalili, hata hivyo, hazisubiri miezi hiyo itimie. Miaka kadhaa kabla, homoni ya estrojeni inayotengenezwa na ovari huanza kupanda na kushuka bila mpangilio. Hedhi hupotea miezi mitatu, hurudi, hupotea tena. Katika kipindi hicho ndipo joto la ghafla huanza. Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo haipothalamasi inayolinda joto la mwili, na kwa kawaida huvumilia joto hilo lipande au lishuke kidogo bila kuchukua hatua yoyote. Estrojeni inapopungua, uvumilivu huo hupungua pia. Joto likiongezeka kwa sehemu ndogo tu ya nyuzi moja, ubongo huamuru mwili upoozwe mara moja: mishipa ya ngozi hufunguka, uso na kifua huwaka, moyo hudunda haraka, jasho hutiririka, na baada ya dakika chache huja ubaridi unaomfanya mama autafute ule mtandio alioutupa muda mfupi uliopita.

Kwa asiyejua, hali hiyo ni malaria, ni presha, ni jini, au ni husuda ya mwenye meza ya pili. Wapo wanaomeza dawa ya malaria bila kupimwa, na wapo wanaoazima vidonge vya presha vya jirani kwa sababu moyo umedunda. Kosa hilo si la ujinga. Binti wa Kizaramo, ambaye ardhi hii ya Dar es Salaam ni ya mababu zake, alipovunja ungo aliwekwa ndani akafundwa. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini aliyeishi miongoni mwa Wazaramo miaka ya 1960, aliandika kwa kirefu juu ya mafunzo hayo na juu ya mti wa mkole uliokuwa kiini chake. Mwanzo wa hedhi ulikuwa na kungwi, nyimbo na siku zake maalumu. Mwisho wake mama anaukabili peke yake, mara nyingi akiwa kazini.

Tena si jambo la wiki mbili. Utafiti mkubwa wa Marekani ujulikanao kwa kifupi kama SWAN, uliofuatilia afya ya wanawake wa umri wa kati kwa miaka mingi, ulionyesha katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 kwamba kwa wanawake wenye vipindi vya joto vya mara kwa mara, nusu yao waliendelea navyo kwa zaidi ya miaka 7. Kwa Wamarekani weusi, muda huo wa kati ulizidi miaka 10. Miaka kumi ni umri wa biashara nzima. Mwanamke anayeanza kuungua akiwa na miaka 47 anaweza kufikia 57 angali akijipepea kwa kipande cha boksi, na katika muda huo atakuwa amefanya maamuzi mengi: kufunga mapema, kumwachia binti meza, kuacha safari za kufuata mzigo. Familia huyaona maamuzi hayo kama uchovu wa uzee. Huenda hayakuwa uzee hata kidogo.

Sasa, katika ule ushauri wa vipeperushi, ni upi unaopunguza joto lenyewe? Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi cha Amerika Kaskazini, NAMS, kilipitia ushahidi juu ya tiba zisizotumia homoni na kutoa tamko ambalo lingewashangaza waandishi wengi wa vipeperushi. Katika mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya bila kumeza dawa, yaliyopata kibali kwa ajili ya kupunguza vipindi vya joto yalikuwa machache mno: kupunguza uzito uliozidi, tiba ya kisaikolojia ya kurekebisha fikra na mwenendo, na aina maalumu ya tiba ya kulazwa nusu usingizi inayofanywa na mtaalamu. Mazoezi, yoga, kupoza mwili, kuepuka vichochezi, kupumua polepole, vyakula vya soya na dawa za mitishamba havikupewa kibali hicho, kwa kuwa ushahidi haukutosha kuthibitisha kwamba vinapunguza joto.

Tamko hilo linahitaji kusomwa kwa makini, maana ni rahisi kulitumia vibaya. Halikusema mazoezi hayana faida. Baada ya ukomo wa hedhi, mifupa hupoteza uimara kwa kasi zaidi katika miaka michache ya mwanzo, lehemu mbaya katika damu huongezeka, mafuta huhamia tumboni, na kinga ambayo moyo wa mwanamke ulikuwa nayo hupungua. Mazoezi hujibu karibu kila moja ya mambo hayo, na huboresha usingizi pamoja na hali ya moyo kwa maana zake zote mbili. Lakini mama aliyeambiwa atembee ili joto liishe, akatembea miezi miwili na joto lisiishe, atahitimisha kwamba ama daktari amemdanganya, ama yeye mwenyewe hakujitahidi. Heri aambiwe ukweli tangu mwanzo: kutembea ni kwa ajili ya mifupa na moyo, upepo wa feni na kitambaa chenye maji ni kwa ajili ya nafuu ya saa hiyo, uzito ukipungua, joto lenyewe huweza kupungua.

Ukweli wa pili ni kwamba wanawake wa Msimbazi hawafanyi kazi ya aina moja, na ushauri mmoja hauwafai wote.

Mama lishe husimama mbele ya jiko tangu alfajiri. Kwake yeye, ile nafasi ndogo ya uvumilivu iliyobaki katika ubongo huvukwa kabla ya saa tatu asubuhi. Kumwambia aepuke joto ni kumwambia aache kazi. Kinachowezekana ni kupunguza muda wa kusimama kwenye moto: maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema, sufuria lililofunikwa huchemka upesi, na jiko lililowekwa upande ambako upepo unapeleka moshi mbali na mpishi humwepusha na joto na moshi kwa pamoja. Wawili wanaopika jirani wanaweza kupokezana, mmoja akikaa pembeni kumenya na kukatakata huku mwenzake akisonga ugali. Gesi, kwa anayeimudu, humwondolea moshi wa mkaa, na moyo wake utamshukuru kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote katika aya hii.

Mwenye fremu ndani ya ghorofa ana shida nyingine kabisa. Hukaa. Anaweza kukaa kwenye kigoda kwa saa kumi, katika chumba kisicho na dirisha, akiletewa chai yenye vijiko vinne vya sukari, chapati mbili, na mchana chipsi na soda. Huyu ndiye ambaye kupunguza uzito kutamsaidia katika joto, presha na sukari kwa mpigo mmoja. Wala hahitaji ukumbi wa mazoezi. Kariakoo ya leo ni mji wa ghorofa, na ngazi hazina kiingilio. Shirika la Afya Duniani hupendekeza dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na kazi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kutembea kutoka Msimbazi hadi viwanja vya Mnazi Mmoja jua likiwa limepoa, badala ya kupanda bodaboda, kutamsogeza mbali katika hesabu hiyo. Kuinuka kigodani na kuketi tena mara kumi bila kushika meza ni zoezi halali la mapaja. Linaweza kufanywa wateja wakiwa wachache, na jirani akicheka naye ajaribu.

Mchuuzi anayetembeza bidhaa mkononi au kichwani asihubiriwe mazoezi. Ameshayamaliza kabla ya adhuhuri. Anachokosa ni chakula cha maana na pumziko. Mara nyingi hukatiza siku nzima kwa karanga na maji ya kandoro, kisha usiku hula mlo mmoja mzito na kulala tumbo likiwa limejaa, akaamka saa nane kwa kiungulia na jasho. Mzigo wake nao unahitaji kuangaliwa. Uti wa mgongo unaopoteza uimara hauvumilii kilo alizokuwa akizibeba akiwa na miaka thelathini, na safari mbili za mzigo mwepesi ni bora kuliko moja ya kujikunja.

Kuhusu chakula hakuna haja ya maneno mengi, kwa kuwa soko lenyewe limejaa jibu. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maziwa, mtindi, mboga za majani, kunde, choroko na maharage hutoa madini ya chokaa na protini ambavyo mifupa na misuli ya umri huu huvidai. Kwa mwanamke aliyepita ukomo wa hedhi, kiasi cha madini hayo kinachopendekezwa na wataalamu wengi ni kati ya miligramu 1,000 na 1,200 kwa siku. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi walowekwe kwanza, kwa maana chumvi ikizidi gramu 5 kwa siku huongeza presha. Soya ni chakula kizuri na iliwe kama chakula. Kuinunua katika vidonge vya bei kubwa kwa ahadi ya kumaliza joto ni jambo jingine. Kahawa chungu na kashata ya jioni ina raha yake, ila kwa mwenye usingizi mwepesi ihamishiwe asubuhi. Tumbaku haina wakati wake: wavutaji hufikia ukomo wa hedhi mapema kuliko wasiovuta, kwa mwaka mmoja au miwili hivi.

Suala la maji na choo ndilo linalostahili kelele. Ukosefu wa estrojeni hufanya ngozi ya uke na ya njia ya mkojo kuwa nyembamba na kavu. Mkojo hubana ghafla, huvuja mama anapocheka au kuinua robota, na maambukizi hurudi mara kwa mara. Mwanamke mwenye hali hiyo akijinyima maji tangu asubuhi ili asiende chooni, mkojo huwa mzito na kuwasha zaidi, na jasho alilopoteza halifidiwi. Kichwa humuuma na moyo humwenda mbio. Hapo tena husema ni presha. Kila shilingi mia chache anayolipa mlangoni huongeza sababu ya kujizuia. Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 10, 2021, na kazi ya kulijenga upya ilichukua miaka. Pale soko linapojengwa upya, na pale wamachinga wanapopangiwa maeneo kama ilivyofanyika nchini mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2021, ndipo swali la choo safi, chenye maji na kilicho karibu linapotakiwa kuulizwa kama swali la tiba. Hakuna daktari awezaye kuandika cheti cha choo. Halmashauri ya jiji na uongozi wa soko wanaweza, na kuwaondolea ada wauzaji wanawake ni hatua ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Lipo jambo moja ambalo mama anaweza kulifanya bila kumngoja mtu. Misuli inayozuia mkojo huimarika kwa kukazwa: aikaze kana kwamba anajizuia, ashikilie kwa sekunde chache, aachie, arudie mara nane, na afanye hivyo mara tatu kila siku kwa angalau miezi mitatu. Anaweza kulifanya ameketi nyuma ya meza yake huku akipatana bei, na mteja asijue. Ukavu na maumivu wakati wa tendo la ndoa navyo visinyamaziwe. Vilainishi vinavyotokana na maji vipo katika famasi, na estrojeni ya kupaka ukeni, inayotumika kwa kiasi kidogo sana, hutibu chanzo chenyewe kwa agizo la daktari. Kujisafisha ndani kwa sabuni, kwa manukato au kwa vidonge vya kubana huzidisha ukavu huohuo unaolalamikiwa, na wauzaji wa vitu hivyo hawakosekani.

Usiku una mambo yake. Mwaka 2025 ulipoanzishwa mpango wa biashara ya saa 24 Kariakoo, mjadala ulihusu mapato, taa na ulinzi. Afya ya wanaokesha ilizungumzwa kidogo mno. Mwanamke ambaye jasho la usiku tayari linamwamsha mara tatu hana akiba ya usingizi ya kuchezea. Kama zamu haziepukiki, na ziwe za kudumu kwa wiki kadhaa badala ya kubadilika kila siku mbili, na mwenye dalili kali apewe mchana. Nyumbani, shuka na kanga za pamba hunyonya jasho kuliko vitambaa vya polista ambavyo ndivyo vimejaa madukani. Hata dera na baibui vipo vya kitambaa chepesi kwa anayeulizia. Kuoga maji ya uvuguvugu kabla ya kulala na kuweka taulo lenye maji karibu na mto huleta nafuu. Chandarua kisiondolewe kwa kisingizio cha joto. Kitanda ndicho kisogezwe dirishani.

Ile tiba ya kisaikolojia iliyotajwa katika tamko la 2023 huonekana kuwa ya mbali zaidi kuliko zote, kumbe huenda ndiyo iliyo karibu zaidi. Profesa Myra Hunter na wenzake wa King's College London walionyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, kwamba vikao vinne tu vya kikundi, kimoja kila wiki, viliwapunguzia wanawake kero ya joto na jasho la usiku. Waliopewa kitabu cha kujisomea nao walipata nafuu. Vipindi vyenyewe havikutoweka; kilichopungua ni hofu, aibu na fikra kwamba kila mtu sokoni anaangalia jasho lao. Kwa mwanamke wa Msimbazi, kikundi kipo tayari. Kinaitwa kikoba au upatu, hukutana kila wiki, kina katibu na daftari la mahudhurio. Kinachokosekana ni muuguzi aliyefunzwa, atakayekaa nao nusu saa kabla fedha hazijahesabiwa. Vyuo vya afya vilivyo katika jiji hili vina wanafunzi na walimu wa kutosha kulianza jambo hilo, na hapa ndipo jarida la chuo linapaswa kujisema lenyewe kabla halijamsema mama lishe.

Zipo dalili ambazo mwenendo mwema hauzimalizi. Mwenye joto linalomkosesha kazi na usingizi ana haki ya tiba. Hofu juu ya homoni ilitokana kwa sehemu kubwa na utafiti wa Marekani uitwao WHI, uliohusisha wanawake zaidi ya 16,000 katika sehemu yake ya homoni mbili, na ambao sehemu hiyo ilisitishwa Julai 2002 kwa sababu ya ongezeko la saratani ya matiti na magonjwa ya moyo na mishipa. Wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, yaani walikuwa wamepita mbali umri ambao wengi huanza kutafuta tiba. Uchambuzi uliofuata umeonyesha kwamba kwa mwenye afya njema, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajapita miaka kumi tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida huzidi hatari. Aliyewahi kupata saratani ya matiti au damu kuganda, au mwenye ugonjwa wa ini, hafai kuzitumia, na mwenye mfuko wa uzazi hapaswi kupewa estrojeni peke yake. Kwa wasiofaa homoni, baadhi ya dawa za sonona na za kifafa hupunguza joto. Hayo yote ni maamuzi ya kufanywa na daktari, si dirishani mwa duka la dawa. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, ambavyo wengine hununua ili kurudisha siku, ni hatari kwa mwenye shinikizo la juu la damu, na utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2012 ulikuta hali hiyo kwa takriban mtu mmoja kati ya kila wanne wa umri wa miaka 25 hadi 64.

Tena si kila jambo la umri huu ni ukomo wa hedhi. Damu inayotoka baada ya miezi 12 ya kukoma, hata tone, hata mara moja, ni dalili ya kupimwa mara moja. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na uchunguzi wake wa awali huchukua dakika chache. Jasho la usiku linaloambatana na kikohozi, homa au kukonda lipelekwe kwenye kipimo cha kifua kikuu kabla halijapewa jina lingine. Hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, mama asiambiwe ni mapenzi ya Mungu akarudishwa nyumbani. Mifupa na moyo wake vina miaka mingi ya kulindwa.

Mahali pa kuanzia pasipo na gharama papo kliniki. Wanawake hawa tayari wanafika Mnazi Mmoja, Amana na katika vituo vya afya kwa ajili ya presha na sukari, mwezi hadi mwezi. Mwenye miaka 48 akiulizwa aliona hedhi lini mara ya mwisho, mara nyingi ni ili kuondoa shaka ya ujauzito, kisha kadi inasogezwa pembeni. Swali hilohilo likifuatiwa na mengine mawili, kama anaungua na jasho, na kama analala, litachukua dakika moja, na majibu yake yaandikwe kwenye kadi ileile chini ya kipimo cha presha.